Mteja akianguka kibarazani, mvua si mdaiwa

Mvua za msimu zikishika kasi Lindi na Mtwara, vibaraza vya maduka huanza kuangusha watu. Sababu haijifichi. Kwa miaka mingi kibaraza cha duka la huku kilikuwa saruji iliyoachwa na ukwaru, au udongo ulioshindiliwa, au ngazi za mawe kama zile za nyumba za kale za Mikindani. Siku hizi mwenye jengo anayetafuta mpangaji mzuri wa fremu anatandika marumaru za kung'aa, zilezile za sebuleni, kuanzia ndani ya duka hadi ukingo wa mtaro. Zikiwa kavu zinapendeza. Zikipata matone ya mvua na mchanga kidogo wa miguu ya wapita njia, hazikanyagiki. Mtu anateleza, anaangukia mkono au nyonga, anainuliwa, anapewa kiti, anaambiwa pole. Akiwa ameumia zaidi ya hapo anapakiwa kwenye bajaji kupelekwa hospitali ya Ligula, au ya Sokoine kama ni Lindi, na kuanzia hapo gharama ni zake na watoto wake.

Sina ugomvi na pole. Nina ugomvi na desturi ya kufunga shauri kwa pole. Tunasema ni ajali, ni majaliwa, mvua haina adabu. Lakini mbuzi wa mtu akigongwa na gari barabarani, mwenye mbuzi haendi kulala akisema ni majaliwa. Anamtafuta dereva na kudai thamani ya mbuzi wake. Kwa nini nyonga ya bibi wa miaka 60 idaiwe kwa sauti ndogo kuliko mbuzi?

Msimamo wangu ni kwamba sheria tuliyonayo tayari inamwekea mwenye eneo wajibu wa kulinda miguu ya watu anaowakaribisha, na kwamba wajibu huo unapotea mikononi mwetu kwa sababu mbili: hatuudai, na umeandikwa kwa mgawanyo wa watu uliopitwa na wakati. Hili la pili ndilo linalonisumbua zaidi, na nitalifikia.

Kwanza twende kwa waliobishana nalo muda mrefu. Katika nchi za baridi kinachoangusha watu ni barafu. Theluji hukanyagwa, huyeyuka mchana na kuganda usiku, na asubuhi njia ya miguu inabaki na utando mwembamba usioonekana vizuri. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, mahakama kwa zaidi ya miaka 100 zilishika kanuni moja: barafu iliyoganda yenyewe ni kazi ya asili, na mwenye eneo hadaiwi kwa kazi ya asili. Alidaiwa tu kama yeye mwenyewe ndiye aliyesababisha barafu isiyo ya asili, kwa mfano bomba lake linalovuja.

Mwezi Desemba 2002 mtu mmoja aliteleza kwenye maegesho ya magari ya duka kubwa mjini Danvers. Mahakama ya chini ikajikuta inauliza swali la ajabu: je, kipande kile cha barafu kilidondoka kutoka kwenye rundo la theluji lililosukumwa pembeni na mtambo, au ni maji ya rundo hilo yaliyotiririka na kuganda tena? Ikaamua kwamba kwa namna yoyote kati ya hizo mbili barafu ile ilikuwa ya asili, na mdai akashindwa. Shauri hilo dhidi ya kampuni ya Target lilipofika kwenye mahakama ya juu kabisa ya jimbo, mwaka 2010, majaji wakaifuta kanuni yenyewe. Wakasema barafu ni hatari kama hatari nyingine yoyote kwenye eneo la mtu, na swali ni moja: mwenye eneo alichukua hatua ambazo mtu mwenye busara angezichukua katika hali ile?

Nimelieleza shauri hilo kwa urefu kwa sababu kosa lake la zamani ndilo kosa letu la leo. Kanuni ile ilimtuliza mwenye eneo aliyekaa ndani akasubiri jua liyeyushe, na ikamtia wasiwasi aliyetoka na sururu kwa sababu alikuwa ameigusa theluji. Sisi nasi tukitaja mvua tunadhani tumemaliza habari. Mvua hainunui marumaru. Kuna mtu aliyezichagua dukani, fundi aliyezipanga, na mtu anayefungua mlango kila asubuhi akaona maji yamesimama juu yake.

New York inafundisha jambo tofauti, na hili watu wengi hulichanganya. Kumwamuru mtu asafishe mbele ya nyumba yake si sawa na kumfanya alipe mpita njia akiumia. Mwaka 1890 Mahakama ya Rufaa ya jimbo hilo, katika shauri la jiji la Rochester, iliamua kwamba mwenye jengo aliyepuuza amri ya kutunza njia iliyo mbele yake ana kosa kwa jiji, lakini hadaiwi na aliyeumia, isipokuwa sheria iseme hivyo waziwazi. Jiji la New York likaishi kwa utaratibu huo, likilipa lenyewe fidia za walioanguka kwenye njia za miguu, hadi Septemba 2003 ilipoanza kutumika sheria ya jiji iliyohamishia dhima kwa wenye majengo yanayopakana na njia hizo. Nyumba za familia moja, mbili au tatu ambazo mwenyewe anakaa humo na hazifanyiwi biashara ziliachwa nje. Kwa theluji, mwenye jengo ana saa nne za kuifagia tangu ikome kuanguka, na saa za usiku, kati ya saa tatu na saa moja asubuhi, hazihesabiwi.

Tulinganishe na kwetu. Sheria ndogo za usafi za halmashauri nyingi zinamtaka mwenye duka asafishe eneo lililo mbele yake, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka na mafagio. Mtu akiacha taka anatozwa faini. Kwa hiyo mwenye duka wa Mtwara haoni ajabu kuambiwa kwamba hatua chache mbele ya mlango wake ziko chini ya uangalizi wake. Tumeshakubali hivyo kwa ajili ya maganda ya machungwa. Tulichobakiza ni kukubali hivyo kwa ajili ya mifupa ya watu.

Sasa sheria yenyewe. Msingi wake ni sheria ya madhara ya Kiingereza, yaani ile inayompa aliyedhuriwa na uzembe wa mwingine haki ya kudai fidia, kama ilivyopokelewa kupitia sheria yetu ya matumizi ya sheria, Sura ya 358, ambayo inatuelekeza kwenye kanuni zilizokuwepo Uingereza tarehe 22 Julai 1920. Kanuni mama hapa inatoka kwenye shauri la mwaka 1866, Indermaur dhidi ya Dames. Fundi wa gesi alikwenda kukagua kazi kwenye kiwanda cha kusafisha sukari, akatumbukia kwenye shimo lisilo na uzio lililopita sakafu moja hadi nyingine. Mahakama ikasema aliyekuja kwa shughuli yenye faida kwa mwenye eneo ana haki ya kulindwa dhidi ya hatari isiyo ya kawaida ambayo mwenye eneo anaijua au alipaswa kuijua.

Kutokana na kanuni hiyo watu wakagawanywa katika madaraja. Juu kabisa yupo mwalikwa, aliyekuja kwa biashara ya mwenyeji. Chini yake yupo mruhusiwa, ambaye yupo pale kwa hisani tu. Huyu anastahili kuonywa kuhusu hatari iliyofichika ambayo mwenyeji anaijua, basi. Chini kabisa yupo mvamizi, ambaye karibu hana lolote.

Chukua mama aliyetoka Nanyamba msimu wa korosho kufuata malipo yake benki. Akimaliza anaingia dukani kununua bati. Akiteleza mlangoni, ni mwalikwa, na anaweza kudai kwa nguvu. Mwenzake aliyefuatana naye hana cha kununua, amesimama tu kibarazani kujikinga na mvua. Akiteleza kwenye marumaru ileile, dakika ileile, akavunjika mkono uleule, sheria ya 1866 inamweka daraja la pili, na maji juu ya marumaru si hatari iliyofichika, yanaonekana. Huenda asipate kitu. Mtoto wake aliyekuwa anakimbia kwenye kibaraza hicho kama njia ya mkato anaweza kuitwa mvamizi.

Huu si mgawanyo wa watu wa Kusini. Kibaraza huku ni mahali pa watu wote. Ndipo tunapongojea bajaji, tunapoongelea minada ya korosho, tunapoinama kufunga mzigo. Hakuna mwenye duka Mtwara au Lindi anayemuuliza aliyekimbilia kibarazani wakati wa mvua kama ana nia ya kununua, na angemuuliza tungemwona hana utu. Sheria inayopima haki ya mtu kwa nia ya kununua aliyokuwa nayo akiwa amejikinga na mvua inapingana na jinsi tunavyoishi, na hilo peke yake linatosha kuwa sababu ya kuibadilisha. Waingereza wenyewe waliondoa tofauti kati ya mwalikwa na mruhusiwa kwa sheria yao ya 1957, wakaweka wajibu mmoja kwa wageni wote halali. Kenya nayo ina sheria yake ya namna hiyo. Sheria hiyo ya 1957 ni ya baada ya 1920, kwa hiyo Sura ya 358 haikutuletea; ilichotuletea ni madaraja ambayo wenyewe wameshayaacha.

Hata hivyo, kwa aliye daraja la juu, sheria ya sasa ina meno. Mwenye duka atajitetea kwamba maji ya mvua ni jambo la kawaida, na kweli ni la kawaida. Lakini sakafu laini ya sebuleni iliyowekwa mahali pasipo paa, mjini ambako mvua inajulikana itakuja miezi gani, si kawaida, na hakuna wa kusema hakulijua. Atadai pia kwamba aliyeanguka alivaa kandambili zilizoisha soli na alikuwa anakimbia. Hilo nalo lina nafasi yake: Sura ya 310 ya sheria zetu inaruhusu mahakama kugawa lawama, ikapunguza fidia kwa kadiri ya uzembe wa mdai mwenyewe. Kandambili mbovu zinapunguza madai. Hazimfutii mwenye eneo wajibu wake.

Lipo swali la nani hasa ndiye mwenye eneo. Fremu nyingi zimepangishwa. Mpangaji anasema marumaru aliikuta. Mwenye jengo anasema hajafika pale tangu alipochukua kodi ya miezi sita. Jibu zuri lilitolewa na mabwana wa sheria wa Uingereza mwaka 1966 katika shauri la Wheat dhidi ya Lacon. Mgeni alianguka kwenye ngazi za nyuma za baa usiku. Mkono wa ngazi uliishia kabla ya ngazi za chini, na balbu ya juu ilikuwa haipo. Baa iliendeshwa na meneja, jengo lilikuwa la kampuni ya bia. Mahakama ikasema kinachoangaliwa ni mamlaka juu ya mahali, na watu wawili wanaweza kuwa na mamlaka hayo kwa pamoja, kila mmoja kwa sehemu yake. Kampuni ilishinda, lakini ilishinda kwa sababu haikuwa na namna ya kujua kwamba balbu imetolewa, si kwa sababu jengo halikuihusu. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, ila hoja yake inatosha kutuongoza: aliyechagua marumaru ajibu kuhusu marumaru, anayefungua duka asubuhi ajibu kuhusu maji yasiyokaushwa.

Mtaro ni habari nyingine, na ni chungu zaidi. Mbele ya fremu nyingi kuna mtaro wa wazi, na kuvuka ni juu ya ubao au kipande cha zege alichoweka mwenye duka mwenyewe. Ubao ukivunjika, aliyeuweka ndiye wa kuulizwa. Aliutoa kama njia ya kuingilia dukani kwake. Lakini mtaro uliofunikwa na maji ya mafuriko hadi hauonekani, mbali na mlango wa mtu yeyote, ni wa umma. Hapo aliyeumia anakutana na ngazi ndefu. Tangu mabadiliko ya mwaka 2020, madai dhidi ya halmashauri au wakala wa serikali, ikiwemo TARURA inayosimamia barabara za mijini na vijijini, yanafuata utaratibu wa madai dhidi ya Serikali: notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu kuunganishwa kwenye shauri, na kesi kufunguliwa Mahakama Kuu. Mahakama Kuu ina kanda yake Mtwara, nashukuru kwa hilo. Bado, kumwambia muuza samaki wa Lindi aliyevunjika mguu kwamba mlango wake wa kwanza wa haki ni Mahakama Kuu ni kumwambia arudi nyumbani.

Na akifika, anaweza kukutana na kanuni nyingine ya zamani ya Kiingereza: mamlaka ya barabara hudaiwa kwa kazi iliyofanya vibaya, haidaiwi kwa kazi ambayo haikuifanya kabisa. Mtaro uliojengwa vibaya unadaiwa; ambao haujawahi kufunikwa unaweza kupona. Uingereza iliifuta kinga hiyo kwa sheria ya 1961. Ni kosa lilelile la Massachusetts, la kumlinda asiyefanya kitu.

Najua pingamizi. Wapo watakaosema tunaiga tabia ya Wamarekani ya kushtakiana kwa kila kitu, na kwamba mama mwenye kigenge cha vitumbua atafilisika kwa kesi moja. Hofu hiyo ni ya haki na inastahili jibu. Kipimo cha sheria ni hatua za mtu mwenye busara katika hali yake, na hatua hizo kwa kibaraza ni nafuu: kupiga deki na kukausha, kutandika zulia la mpira siku ya mvua, kurefusha bati la varanda, kumwambia fundi aikwangue saruji mistari kabla haijakauka. Mwenye kigenge juu ya udongo hana marumaru ya kujibia. Na kama tunataka kumlinda kwa maandishi, New York wamekwisha kuonyesha namna, kwa kuziacha nje nyumba ndogo ambazo mwenyewe anakaa humo. Ninayemtazama hapa ni mwenye jengo la ghorofa lenye fremu kumi, mwenye nyumba ya wageni, mwenye ukumbi, benki, kituo cha mafuta.

Isitoshe, tayari tumekubali msingi huu kwa watu wengine. Mfanyakazi wa duka akianguka kazini, sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya 2008 inamhusu, na mwajiri wake anachangia mfuko kwa ajili hiyo. Mtu akigongwa na bodaboda mbele ya duka, chombo kile kinatakiwa kisheria kiwe na bima ya kumlipa mtu wa tatu. Katikati ya hao wawili, hatua tatu kutoka kwa kila mmoja, mteja aliyeteleza mlangoni hana mfuko wala bima. Kampuni za bima nchini zinauza bima ya dhima kwa umma. Mwenye jengo kubwa anayekata bima ya moto kwa ajili ya kuta zake anaweza kukata na hiyo kwa ajili ya watu wanaoingia.

Kwa aliyeumia sasa hivi, kabla sheria haijabadilika, yapo ya kufanya siku ileile. Mtu apige picha ya mahali kabla maji hayajakauka. Kesho yake marumaru itakuwa kavu na hakuna atakayeamini. Yachukuliwe majina na simu za walioshuhudia. Zitunzwe risiti zote za hospitali, za bajaji, za dawa, na hesabu ya siku ambazo kazi ilisimama. Dai la madhara lina miaka mitatu tangu siku ya tukio, likipita linazimwa. Tangu 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, kwa hiyo woga wa kusimama mbele ya hakimu kwa lugha isiyoeleweka umepungua. Na kabla ya mahakama, upo usuluhishi: mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwakalisha mwenye jengo na aliyeumia, ila waketi wakijua kwamba kinachozungumzwa ni haki ya mtu, na kiasi kitakachotajwa kitokane na risiti zilizopo mezani.

Kazi ya kuondoa madaraja ya 1866 ni ya Bunge, na wabunge wetu wa Kusini wanaweza kuianzisha. Halmashauri hazina haja ya kuwasubiri. Manispaa ya Mtwara-Mikindani na ya Lindi zinapitisha michoro na kutoa vibali vya ujenzi, na zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Kwenye kibali cha jengo la biashara yaongezwe masharti mawili: sakafu yote ya nje isiyo chini ya paa iwe ya ukwaru, na mtaro unaopita mbele ya mlango uwe na mfuniko wa zege kwa upana wote wa jengo, si wa mlango tu. Kwa majengo yaliyokwisha kujengwa, masharti hayo yaingie wakati wa kuhuisha leseni ya biashara, mwenye jengo akipewa mwaka mmoja wa kurekebisha, na ofisa anayekagua aandike tarehe aliyofika na alichokiona, ili siku mtu akianguka hapo pawepo karatasi inayoonyesha nani alijua.